Fundi Mkuu wa Meza ya Kukatia na Jongo Lililochekwa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wetu wa ukataji atavua aproni yake na kustaafu. Kiwanda kizima kinamwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja mkuu, pamoja na wale walio rika lake. Ukiliuliza jina lake halisi kwenye chumba cha cherehani, utaona watu wanatazamana.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mchora patani niliyefanya naye kazi chumba kimoja zaidi ya nusu ya miaka hiyo, niandike wasifu "mfupi na wa kuchangamsha". Kuchangamsha nitajitahidi. Ila kumsifu Shangazi bila kukasirika kumenishinda. Huyu ni mwanamke aliyeumwa mbele ya macho ya watu kwa miaka, na jibu alilopewa na kiwanda hiki likawa kicheko. Wasifu wake ukiandikwa kwa tabasamu mwanzo mpaka mwisho utakuwa uongo, na Shangazi uongo haupendi, hata uwe umepigwa pasi.

Aliingia hapa akiwa mkata nyuzi. Ndiyo kazi ya chini kuliko zote: unakaa kwenye benchi na kuondoa ncha za uzi kwenye nguo zilizokwisha shonwa. Wenzake walikuwa wakikata nyuzi na kupiga soga. Yeye alikuwa akiirudisha nguo na kugomba. "Hii haikushonwa vibaya. Hii imekatwa vibaya. Msimlaumu mshonaji." Fundi mkuu wa enzi hizo, mzee asiyependa kusahihishwa, alivumilia wiki chache, kisha akamwita mezani akasema, "Haya, mdomo mrefu, njoo ukate wewe." Hakurudi tena benchini. Yaani hakurudi mpaka alipokuja kurudishwa kwa dhuluma, na hapo nitafika.

Kwa wasiojua, kukata si mchezo. Kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa kama godoro. Patani, yaani karatasi yenye umbo la nguo, inalazwa juu, mstari wa chaki unapigwa, halafu mtu mmoja anasukuma mashine yenye kisu kuufuata mstari ule. Pembe na mikunjo midogo humaliziwa kwa mkasi mzito wa mkono. Ukipotoka upana wa ukucha hujaharibu shati moja, umeharibu rundo zima, na mashine ikishapita hakuna dua ya kurudisha. Shangazi alikuwa akizuia pumzi kwenye kona za kola. Tulikuwa tukijua kona imepita kwa kumsikia akishusha pumzi.

Hasira zake zilikuwa maarufu. Mkasi wake mkubwa haukuguswa na mtu. Karani mmoja wa stoo, mgeni wa kazi, aliwahi kuuchukua akakatia karatasi, na karatasi, kila fundi anajua, huua makali. Shangazi alimfukuza akizunguka meza, wakapita chumba cha pasi, wakatokea uani, huku mama mtu mzima amekunja sketi na aproni inapepea. Yule karani alijifungia stoo mpaka saa ya chakula. Leo ni mkuu wa stoo, na akiona mkasi mahali huweka mikono mfukoni.

Na hasira hizo ndizo zilizokiokoa kiwanda. Ilipokuja oda ya sare za wauguzi, kitambaa kilifika kwa kuchelewa na msimamizi wa uzalishaji akaamuru kikatwe siku hiyo hiyo. Shangazi alikishika, akakivuta, akakinusa, akasema hakikati mpaka kipande kimoja kifuliwe kwanza. Walirushiana maneno mbele yetu sote. "Nani bosi hapa?" aliuliza msimamizi. "Bosi ni wewe," alijibu Shangazi, "lakini kikirudi kutoka kwenye maji kimekuwa nguo ya mtoto, utaivaa wewe." Kipande kikafuliwa, kikaanikwa. Kilipokauka kilikuwa kimerudi ndani kwa kiasi cha kutisha. Shehena nzima ikarejeshwa kwa aliyeiuza. Meneja mkuu alimpongeza msimamizi kwa umakini wake, na msimamizi akaipokea pongezi ile bila kutikisika.

Huyo msimamizi mkumbukeni, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wa Shangazi katika yote yanayofuata.

Ugonjwa ulianza asubuhi ya Jumatatu. Shangazi aliamka kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, kimeiva, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Shuka likikigusa, anapiga yowe. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alidhani ni nge, akageuza godoro zima akimtafuta. Nge hakuwepo. Shangazi alikuja kazini mguu mmoja kiatu, mguu wa pili kandambili, akipiga hatua kama anayekanyaga vigae vya chupa. Mlinzi wa getini aliangua kicheko cha kwanza. Kilifuatwa na vingine vingi.

Baada ya siku kadhaa uvimbe ulipungua wenyewe. Watu wakasema, mnaona, lilikuwa jambo dogo. Baada ya miezi likarudi, safari hii kifundo cha mguu. Kisha goti. Kisha kidole gumba tena. Kila likirudi, lilikaa zaidi ya mara iliyopita.

Mtu mmoja aliwahi kusikia kwamba maumivu ya namna hiyo huitwa jongo, au gauti, na kwamba huwapata matajiri wanaokula nyama na kunywa pombe. Basi ikawa sherehe. Fundi wa pasi, tuliyemwita Baba Pasi, ndiye aliyekuwa kinara. Shangazi akipita akichechemea, yeye huinua pasi juu kama saluti. "Mpisheni mfalme! Shangazi, jana ulimaliza ng'ombe mzima?" Na wenzake wanaangua kicheko. Mwanamke huyu hajawahi kuonja pombe. Nyama aliila siku aliyoipata, kama sisi wote. Msimamizi naye hakubaki nyuma. "Punguza mapaja ya kuku, Shangazi, utuachie na sisi." Alisema hivyo mbele ya wageni waliokuja kukagua oda.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ningekuwa na uwezo, kila aliyecheka ningempa lile gumba kwa asubuhi moja tu, tena na shuka juu yake.

Kwenye zahanati ya jirani mambo hayakuwa bora. Aliambiwa ni viatu. Aliambiwa ni uzito. Aliambiwa, "Mama, umri umekwenda, ulitegemea nini?" Kila mara alitoka na pakiti ya vidonge vya maumivu, na kila mara, kwa kuwa alikuwa na presha, aliongezewa kile kidonge cha kutoa maji mwilini. Hakuna aliyemtoa damu kwa hiari. Alipong'ang'ania, walimpima mara moja tu, kidole kikiwa kimevimba kupindukia, na majibu yakaja ya kawaida. "Umeona? Huna jongo," alisema mganga wa zamu. "Nunua raba laini." Alinunua. Alinunua na siki, na mafuta ya kuchua, na mzizi alioletewa na mdogo wake. Na vidonge vya maumivu akavitafuna kama karanga, kwa sababu meza ya kukatia haina kiti, na oda haijui kidole.

Miaka ikapita hivyo. Kisha maumivu yakaja mikononi.

Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachoingia kwenye tundu la mkasi, kilitokea kinundu kigumu, cheupe kwa ndani. Mkasi ukawa hauingii. Shangazi akajaribu kwa mkono wa kushoto, akajaribu kufunga kitambaa, akajaribu kulia kidogo chooni, akanawa uso na kurudi. Siku moja kona ya kola ilipotoka. Kidogo tu, na mimi nilikuwepo, nathubutu kusema fundi mwingine angeiita kona nzuri. Msimamizi aliliinua lile rundo juu watu walione. "Kuanzia kesho," akasema, "Shangazi atakaa benchi la nyuzi. Mezani tunataka watu wazima wa mwili."

Fundi mkuu. Baada ya zaidi ya miaka ishirini mezani. Akarudishwa kwenye benchi la siku yake ya kwanza, katikati ya wasichana wadogo hata kuliko mwanawe wa kwanza, na hakuna mkubwa yeyote wa kiwanda hiki aliyeuliza mama huyu anaumwa nini.

Shangazi alikaa benchini mchana mmoja. Jioni bintiye, ambaye ni mwalimu, alimkuta sebuleni na mguu juu ya mto. Akakiangalia kile kinundu. "Mama, hiki si kiatu. Viatu havivaliwi mkononi." Kesho yake walikwenda hospitali kubwa. Karani wa mapokezi aliwaambia warudi baada ya mwezi. Shangazi akaketi sakafuni, katikati ya mlango. "Sitoki hapa mpaka mtu anitoe damu na aniambie ukweli. Mkitaka nibebeni, ila mguu huu msiuguse."

Aliyetoka kutazama kelele ni daktari wa viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkali. Alimsaidia kuinuka, akamweka kwenye kiti, akakishika kile kidole kwa uangalifu kama anayeshika yai. Wawili hao wanafanana hasira. Sijui jengo lile linawatosha vipi.

"Hili ni jongo, mama. Umelifuga muda mrefu."

"Walinipima, wakasema sina."

"Walikupima lini? Kidole kikiwa kimevimba?"

"Kimevimba kama embe."

"Basi hawakukuambia kwamba wakati wa shambulio kipimo kinaweza kudanganya. Hupimwa tena mambo yakishatulia. Leo umetulia?"

"Leo nimekasirika, lakini sijavimba."

Akatolewa damu. Daktari akamweleza kwa lugha ambayo Shangazi amekuwa akiirudia kwetu mpaka tumeikariri. Mwili hutengeneza taka inayoitwa asidi ya yuriki, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Ikizidi kwenye damu, hugeuka chembe zilizochongoka kama sindano, zikajichomeka ndani ya kiungo. Wapo wanaozaliwa na figo zinazoitoa polepole. Kwa wanawake huja zaidi hedhi ikishakoma. Na kile kidonge cha kutoa maji mwilini alichokuwa akipewa kwa ajili ya presha huweza kuipandisha asidi hiyo. Chakula na pombe vina sehemu yao, lakini mtu anaweza kula kama ndege na bado akapata jongo.

"Kwa hiyo dawa yao ilikuwa inanilisha ugonjwa, na wao wananiambia ninunue raba?" aliuliza Shangazi.

"Ilichangia. Nitaibadilisha."

Majibu yalipotoka, asidi ilikuwa kumi na zaidi, wakati daktari alitaka iwe chini ya sita. Na habari mbaya zaidi ni kwamba figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Vidonge vya maumivu vya miaka yote ile vilikuwa vimezitafuna kimyakimya. Bintiye ananiambia mama yake hakulia. Alikaza meno, akauliza, "Zitapona?" Daktari akasema, "Hapo zilipofika tunaweza kujitahidi kuzizuia zisiendelee. Ungekuja mapema ningesema neno zuri zaidi." Angekuja mapema! Mapema alikuwa kwenye zahanati, akiambiwa ni viatu.

Alipewa alopurinoli, dozi ndogo kwanza, ya kupandishwa taratibu kila baada ya kupimwa damu, na kidonge kingine kidogo cha kuzuia mashambulio ya mwanzo. Daktari alimwonya mambo mawili. "Ukiona vipele mwilini, acha dawa na uje siku hiyo hiyo. La pili, hii haitulizi maumivu, inafagia. Chumba ambacho hakijafagiwa miaka, ukianza kukifagia vumbi litatimka. Kidole kinaweza kuvimba tena. Kikivimba, fagio usilitupe."

Sasa niseme ukweli, maana wasifu wa kusifu tu ni mahubiri ya mazishi: Shangazi alilitupa fagio. Wiki chache baadaye kidole kilivimba kuliko siku zote. Mdogo wake alikuja na mzizi wake akatangaza kwamba dawa ya hospitali ndiyo inayoamsha ugonjwa. Shangazi akavifunga vidonge vyote kwenye mfuko na kuvitia kwenye pipa la taka. Kisha akajikokota mpaka kliniki, si kutibiwa, bali kugombana.

"Umenipa sumu!"

Daktari hakurudi nyuma hata hatua. "Nilikuambia vumbi litatimka. Nilisema uache ukiona vipele. Una vipele?"

"Nina maumivu!"

"Maumivu sikukuambia uache! Nilikuambia fagio usilitupe. Mimi si adui yako, mama. Hasira hizo wapelekee waliokupa vidonge vya maumivu miaka na miaka bila kuzipima figo zako. Wapelekee wanaokucheka kazini. Mimi nipe mkono wako nikupime."

Mumewe, aliyekuwa amemshika bega, alisema kwa upole, "Mama watoto, nimeendesha lori miaka mingi. Huyu dada anaujua mlima wake." Shangazi akakaa. Akanyoosha mkono. Alianza upya, na tangu siku ile hakuruka kidonge.

Haikuwa kazi ya mwezi mmoja. Kupima, kuongeza dozi, kupima tena, kungoja. Kumi ikawa nane na kitu. Ikagoma hapo mpaka akakata tamaa, dozi ikapanda, asidi ikashuka. Siku ilipoonyesha tano na nusu alimpigia simu bintiye katikati ya kipindi darasani, na mwalimu huyo akapiga kigelegele mbele ya wanafunzi wake, ambao hawakuelewa kitu ila walifurahi kupumzika. Kile kinundu kidoleni kilianza kuyeyuka taratibu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Kiungo chenyewe hakikunyooka kabisa na hakitanyooka. Lakini mkasi uliingia.

Muda wote huo alikuwa bado benchini akikata nyuzi. Aliomba arudi mezani, akaambiwa nafasi imejaa. Akaomba tena, akaambiwa asubiri. Kilichofuata kila mtu humu anakikumbuka, ingawa wengine wangependa tusikiandike.

Tarehe ya kupima damu ilifika, naye akaomba ruhusa ya asubuhi. Msimamizi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa kama huumwi unakwenda kupima nini?"

"Nakwenda kupima ili nisiumwe."

"Shangazi, hii si klabu ya wastaafu. Ukiumwa, njoo uombe ruhusa. Ukiwa mzima, kata nyuzi."

Alipokuwa akiumwa walimwambia mezani wanataka watu wazima. Alipokuwa mzima wakamwambia asubiri mpaka aumwe. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka na sijapata upande wake unaoeleweka.

Shangazi aliinuka benchini. Sauti yake haikupanda. Na sisi tunaomjua tulijua hapo ndipo pabaya. "Nilipolia kwa maumivu mlicheka. Nimetafuta dawa kwa nguvu zangu, nimepona kwa nguvu zangu, sasa mnanizuia nisibaki mzima. Basi nakwenda. Na nikirudi, nitasimama pale mezani kwangu, anitoe anayeweza." Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Alirudi adhuhuri na plasta kwenye kiwiko, akakuta onyo limeshabandikwa ukutani. Hakulisoma. Akapita moja kwa moja mpaka mezani, akachukua mkasi wake, akasimama. Msimamizi akaamuru mashine zote za kukatia ziendelee na Shangazi atolewe. Hakuna aliyesogea. Mkataji wa kwanza akazima mashine yake. Wa pili akazima. Washonaji wakasikia ukimya wa upande wetu na cherehani zao zikanyamaza mstari kwa mstari, na mwisho ikabaki mvuke wa pasi peke yake. Baba Pasi, kinara wa vicheko, naye akaiweka pasi yake kwenye kibao cha kuwekea pasi.

Meneja mkuu alishuka ngazi kuuliza umeme umekwenda wapi. Alielezwa na watu wengi kwa mpigo. Akamwambia Shangazi akate. Akakata, kola ile ile yenye kona, akazuia pumzi, akashusha. Meneja aliitazama, akaigeuza, akasema, "Arudi." Akaruhusu na stuli ndefu mezani, kwa yeyote anayechoka miguu, na asubuhi ya kliniki kwa kila mwenye ugonjwa wa kudumu, awe anaumwa siku hiyo au haumwi.

Tunashukuru kwa stuli. Tunashukuru kwa ruhusa. Ila neno moja halikutoka siku ile wala baadaye, kwa meneja wala kwa msimamizi, ambaye mwaka uliofuata alihamia kiwanda kingine akiwa na cheo kikubwa zaidi. Neno lenyewe ni "tulikosea". Ni fupi, na bado kuna muda mpaka Ijumaa.

Miezi kadhaa baada ya mgomo ule, Baba Pasi alianza kuja kazini na kandambili mguu mmoja. Alisema amejigonga kwenye kizingiti. Wiki iliyofuata akasema amejigonga tena. Shangazi alimvizia uani akamvua soksi kwa nguvu.

"Kizingiti gani hiki kinachokugonga kila mwezi, mfalme?"

Mwanaume mzima akainama. "Shangazi, nilikuwa natania tu zile siku."

"Ulikuwa unanitukana. Nimekasirika mpaka leo, na nitakasirika kesho. Vaa kiatu twende."

Alimpeleka mwenyewe kwa yule daktari mfupi, akakaa naye foleni, akamsema njia nzima kwenda na kurudi. Vidonge vya maumivu alivyomkuta navyo mfukoni alimwamuru akamwonyeshe daktari vyote. Leo Baba Pasi anapimwa damu yake, anameza dawa yake, na figo zake ni nzima. Shangazi hajamsamehe rasmi. Lakini kila wakitoka kliniki huulizana namba zao kama watu wanaouliziana hali ya wajukuu, na mwenye asidi ya juu hununua chai.

Nilidhani wasifu ungeishia hapo. Jumatano iliyopita programu ya sherehe ililetwa ili tuihakiki. Ukurasa wa kwanza ofisi ilikuwa imeandika kwamba fundi mkuu anastaafu "kutokana na afya yake kudhoofika". Mtu aliketi, akafikiri, akaona hivyo ndivyo inavyopendeza. Nilimpelekea Shangazi mezani. Alisoma akiwa amesimama. Ile stuli wanaikalia wenzake zaidi. Alisoma mara moja. Kisha akapanda ngazi mpaka ofisini, ngazi zote, bila kushika ukuta, na mlango aliuacha wazi ili sote tusikie.

"Mnione nilivyopanda. Mimi nina miaka sitini. Nastaafu kwa sababu sheria inasema sitini. Asidi yangu iko tano, na mwaka wa nne huu sijavimba hata ukucha. Miaka niliyodhoofika mlinicheka. Leo ndiyo mnaniandikia udhaifu, ndiyo mniage nao? Futeni."

Wamefuta. Nimeiona nakala mpya kwa macho yangu.

Shangazi, kiwanda hiki kinakushukuru kwa kila kona uliyoizuilia pumzi, kwa mafundi uliowafundisha kwa kelele, na kwa asubuhi za kliniki ambazo wengi wetu tunazipata leo bila kujua zilipiganiwa na nani. Wanaokuaga kwa maua, wapokee. Wasiokuomba radhi, usiwapunguzie hata nukta moja ya hasira yako. Nenda kapumzike na dereva wako, tembeeni mpaka mchoke, uzione shule za wajukuu, upime damu yako kwa wakati, na kila asubuhi unapokanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, ujue tunakutakia asubuhi nyingine nyingi kama hiyo.